Seli Zilizoachiana Mikono

Tone lilidondoka. Kimya. Kisha mawili yakafuatana upesi upesi, halafu kimya tena, kirefu, hata mtu akadhani yamekwisha.

Inspekta Enelesi Mkwapatira alikuwa amelala chali gizani, akisikiliza paa linavyovuja kwenye sahani ya enameli aliyoitega jikoni. Umeme ulikuwa umekatika na kulikuwa bado hakujapambazuka. Nje ilitanda chiperoni, manyunyu yale ya baridi yanayoteremka kutoka upande wa Msumbiji na kuuviringisha mlima Mulanje kama mtoto ndani ya blanketi.

Tone. Kimya. Mawili.

Hivyo ndivyo Sista Machemba alivyouelezea moyo wa Jailosi Namizinga: unapiga, unangoja, unapiga mara mbili kama mtu aliyeshtuliwa, unangoja tena.

Jailosi alikuwa mpogoaji kwenye mashamba ya chai, mwanamume wa mabega mapana, na sasa alilala katika hospitali ndogo ya misheni akitapika hata maji. Alisema shuka ni la njano. Alisema dirisha ni la njano, na kwamba binti yake amesimama ndani ya mwanga wa njano, haufikii mkono wake. Tabibu alisema ni kama mtu aliyemeza dawa ya moyo kupita kiasi, ila hakuna aliyempa dawa ya moyo. Enelesi, aliyekulia Phalombe miongoni mwa wajukuu wa wawindaji, aliyasikia maneno hayo akakumbuka kombe, mmea ule unaopanda juu ya miti, ambao mbegu zake wazee walizisaga wakapaka ncha za mishale. Nyati alichomwa, akatembea kidogo, akapiga magoti.

Nani angempa Jailosi sumu ya nyati? Ndugu zake hawakuhangaika kufikiri. Jailosi alikuwa mkamwini, mwanamume aliyeoa akahamia kijijini kwa mke, na mkamwini akiugua, ukoo wake huja na swali moja tu mdomoni: mke amemlisha nini? Mdogo wake, Laitoni, alikuja nalo mpaka kituoni. Tangu juzi Nasibeko, mke wa Jailosi, alikuwa mahabusu. Mumewe akifa, shtaka lingekuwa la kuua. Na jambo lililomnyima Enelesi usingizi lilikuwa hili: hakuna aliyejua sumu inaingilia wapi, kwa hiyo huenda ilikuwa bado inaingia.

Simu ikalia juu ya kiti.

"Madamu, umelala?" Ilikuwa sauti ya Dakta Msiska, kutoka maabara ya Blantyre.

"Nimelala. Naongea usingizini."

"Basi njoo hivyo hivyo. Nimevipima vitu vyako vyote. Ama nimezeeka, ama kuna jambo silielewi."

"Umeiona kombe?"

"Nimeiona. Lakini nimeiona mahali isipotakiwa kuwepo."

*

Alipitia mahabusu kwanza. Nasibeko alikuwa amekaa sakafuni, kitenge amejifunika mpaka kidevuni, macho makavu.

"Uji nilioupeleka niliupika mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Nikauonja mimi. Thobwa yake ya kunywa niliikoroga mimi. Andika hivyo hivyo."

"Nimekwisha kuandika, dada. Leo sikuja kwa ajili ya uji."

"Umekuja kwa nini?"

"Kabla hajaugua, mlikosana?"

"Tulikosana. Mwaka mzima tunakosana. Anavua buti zake zenye tope juu ya mkeka wangu." Akaangalia ukuta. "Mtu haui kwa ajili ya buti, Madamu. Angekuwa anaua, Malawi nzima tungekuwa wajane."

Enelesi hakucheka, ingawa alitaka. "Shemeji yako anasema tangu umekuja huku, yeye ndiye anayempikia kaka yake."

"Ajabu basi. Mimi niko huku. Jailosi amepona?"

Enelesi akafunga daftari lake.

"Hajapona," Nasibeko akasema polepole. "Jana askari wa zamu aliniambia amezidi. Mwulize basi Laitoni anatia nini kwenye chungu." Kisha sauti ikamshuka. "Tionge amekula?"

"Binti yako hataki kuondoka wodini. Sista humpa uji. Analala miguuni pa baba yake."

"Ndivyo alivyo. Ana miaka saba, lakini ukimwacha na mgonjwa anakuwa mama."

*

Ukungu ulimsindikiza Enelesi mpaka Blantyre, ukabaki mlangoni pa maabara kama mgeni aliyekatazwa kuingia na viatu. Ndani kulikuwa na joto. Dakta Temwanani Msiska, mwanamke mrefu wa kutoka kaskazini, alifungua kabati la joto akatoa visahani vya kioo, akavibeba kwa mikono miwili kama anabeba kifaranga.

"Chungulia."

Enelesi akainamia hadubini. Aliona sakafu iliyotandazwa vigae, kila kigae kimegusana na jirani zake pande zote, hakuna upenyo. Hapa na pale sakafu ilikuwa imeumuka, kama chapati inayopata hewa.

"Hizi ni nini?"

"Seli za figo la mbwa."

"Mbwa yupi?"

"Alikufa kabla wewe na mimi hatujazaliwa. Seli zake zimeendelea kugawanyika tangu siku zile, maabara hadi maabara."

"Basi mbwa huyo amekufa au hajafa?"

"Hilo waulize wachungaji. Tazama palipoumuka. Kila seli imevikwa utando, na kwenye utando kuna pampu. Kazi ya pampu ni kutupa sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani, usiku na mchana, haipumziki. Chumvi ikisukumwa upande wa chini, maji huifuata, na sakafu huinuka. Ukiona vilima hivyo ujue pampu ziko hai, na seli zimeshikana barabara, maji hayavuji."

"Na kombe?"

"Kombe hukaa juu ya pampu kama kizibo. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pananipendeza. Pampu ile ile ni kiganja pia. Ya seli hii imeshikana na ya jirani. Ikizibwa, haikai kimya. Inapeleka habari ndani ya seli, kwamba mambo yameharibika, na seli inavuta mikono yake ndani. Inamwachia jirani. Inaachia na sakafu."

Akaweka kisahani kingine. Enelesi akachungulia, akavuta pumzi. Vigae vilikuwa vimekuwa shanga. Vilielea kila kimoja peke yake, vikigeuka taratibu katika maji, kama watu waliolala wakisafiri.

"Zimekufa?"

"Bado. Ndiyo ajabu yake. Ziko hai, zimeachiana tu."

Enelesi alinyanyua kichwa. "Sajini wangu alimpa panya ule uji wa Nasibeko. Panya akala, akacheza."

"Panya si shahidi. Pampu zake kombe haizishiki sawasawa. Angeinywa kombe akakuomba na chumvi. Ninyi watu wa kusini panya mnamjua akiwa ameshaokwa tu."

"Na ninyi wa kaskazini mnamjua kwa kitabu. Endelea."

"Uji: seli zimekaa. Thobwa: zimekaa. Maji ya mtungi, mboga, vidonge vya maumivu, zote zimekaa. Likabaki shuka." Dakta Msiska akalitoa kwenye mfuko, limetobolewa matundu mawili kwa mkasi. "Nilikata kipande penye matapishi, nikakiloweka. Halafu nikakata kingine pembe ya mbali, pasafi kabisa, ili niwe na cha kulinganishia. Penye matapishi, seli zimekaa. Penye usafi, zimeachiana."

"Umebadilisha vibandiko."

"Ndivyo nilivyojiambia. Nikarudia upya, nikakata mwenyewe, nikaandika mwenyewe. Imekuwa vile vile."

Enelesi akalichukua shuka. Akaomba meza moja iondolewe vyombo, akalitandika kama anavyotandika kitanda, akalilainisha kwa kiganja. Doa la matapishi likawa upande wake wa kushoto.

"Mtu hutapika upande wa kichwa," Enelesi akasema. "Kwa hiyo kichwa kilikuwa hapa. Hapa kiuno." Akatembea kando ya meza, vidole vikiburuta juu ya kitambaa, mpaka kwenye tundu la pili. "Na hapa je?"

"Miguu," Dakta Msiska akasema.

"Hakuinywa. Tumekuwa tukitafuta mdomoni."

"Lakini ngozi ya mguu, Madamu, nayo ni seli zilizoshikana. Ikiwa nzima, kombe haipiti. Ingehitaji jeraha."

Enelesi alikuwa ameshampigia Sista Machemba. "Dada, samahani. Jailosi ana kidonda mguuni?"

Aliisikia wodi kwa mbali, vikombe, mtu akikohoa. Sista alirudi baada ya kitambo. "Nimemfunua. Hana kidonda. Hana hata mchubuko wa mwiba."

"Una hakika?"

"Madamu, mimi nimeosha vidonda tangu hujaanza kuvaa sare. Hana."

Enelesi akakata simu. Aliuliza swali moja tu wakati anavaa koti. "Seli hizo zikishaachiana, ndiyo basi?"

Dakta Msiska alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Akasogeza kisahani cha tatu. "Hizi niliziosha mapema, nikaziwekea maji safi. Tazama."

Chini ya hadubini shanga zilikuwa zimetua. Moja ilikuwa imenyoosha kidole chembamba kuelekea jirani yake. Nyingine mbili zilikuwa zimekwisha kugusana. Mahali pengine vigae vitatu vimekaa pamoja, bado havijabana, kama watu waliogombana wakakalishwa benchi moja.

"Si zote zitakazorudi," Dakta Msiska akasema. "Lakini ukiwahi, zinashikana tena. Kwa mtu ni kazi zaidi. Tabibu akijua ni kombe, anajua la kufanya moyoni. Wewe kazi yako ni kuziba pale inapoingilia."

*

Nyuma ya hospitali, katika jiko la walezi wa wagonjwa, moshi na ukungu vilikuwa vimechanganyika hata usijue kipi ni kipi. Laitoni alikuwa amechuchumaa mbele ya chungu akikoroga uji. Alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu. Enelesi hakujua kama ni kwa moshi.

"Madamu. Amekiri?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulimwonya kaka."

Enelesi akavuta tofali akakaa. "Tangu juzi kaka yako anakula mkono wa nani?"

"Wangu."

"Na moyo wake umepanda au umeshuka?"

Mwiko ulisimama. "Umeshuka."

"Basi nikufunge na wewe? Nafasi ipo."

"Madamu, yule ni kaka yangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Ndiyo maana nakuuliza polepole. Kabla hajaugua, ulifika kwake lini?"

"Tulipomaliza matanga ya mzee wetu. Tuligawana vitu vyake, nikamletea kaka fungu lake. Mimi mwenyewe, kwa miguu, mvua hii hii."

"Fungu gani?"

"Vitu vya mzee, Madamu, siyo vya tajiri. Koti la mvua, panga la kupogolea, na nta ya magaga."

"Nta gani?"

"Ya visigino. Kaka kila baridi anapasuka visigino, tena vibaya, anatembea kama anayekanyaga makaa. Mzee naye alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa na utomvu wa mwerezi wa mlimani, anauweka ndani ya mwanzi, juu kwenye dari, moshini. Anaupasha moto kidogo, anaziba nyufa. Tulikua tukimwona."

Enelesi hakusogea. Uji ulianza kutoa mapovu, *pwa, pwa*, bila mtu wa kuukoroga.

"Ndani ya mwanzi," akasema. "Mwanzi mmoja?"

Laitoni alisukuma kuni ndani. Aliangalia moto.

"Laitoni. Mzee wenu aliwahi kuwinda?"

"Zamani. Kabla ya marufuku. Hatukuwahi kumwona."

"Ilikuwa mianzi mingapi?"

"Miwili," akasema. "Mmoja alikuwa akitukataza kuugusa. Tulijua ni wa tumbaku yake. Nilipopanda darini nikaukuta mmoja tu. Nikasema ndio huu. Ni mweusi, unanata, Madamu, unanukia moshi. Nikasema ndio huu."

Alikuwa ameshasimama. Enelesi alimshika mkono, siyo kwa kumkamata.

"Sista Machemba alinihakikishia hana kidonda," akasema.

"Magaga si kidonda," Laitoni akasema. "Nani anahesabu magaga?"

*

Jailosi alilala macho nusu wazi. Tionge alikuwa amekaa kwenye ukingo wa chini wa kitanda, miguu haifiki sakafuni, amevaa sweta la mtu mzima lililokunjwa mikono. Enelesi alifunua blanketi. Visigino vya Jailosi vilikuwa na nyufa ndefu za kina, kama udongo wa bwawa lililokauka, na kila ufa ulikuwa umezibwa vizuri, kwa uangalifu mkubwa, kwa kitu cheusi kinachong'aa.

Sista Machemba aliinama. Akaangalia kwa muda mrefu. "Nilimfunua," akasema. "Nikaona magaga. Na mimi ninayo. Sote tunayo, baridi hii."

"Glavu, dada. Maji ya vuguvugu na sabuni. Na umwite tabibu, umwambie ni kombe, na imekuwa ikiingilia hapa."

Sista akaondoka mbio, jambo ambalo wagonjwa wa wodi ile walikuwa hawajapata kuliona.

Laitoni alitaka kusema. Enelesi alimzuia kwa jicho, akapiga magoti mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Tionge. Miguu ya baba imepakwa vizuri sana."

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Umepaka wewe?"

Akaitikia tena. Kutoka ndani ya mkono wa sweta akatoa kipande cha mwanzi, kimezibwa kwa gunzi la hindi, akampa. "Baba alinionyesha nyumbani. Alisema niendelee mpaka nyufa zifunge. Kila asubuhi naisogeza karibu na kikombe chake cha chai ya moto ilainike, halafu napaka kwa kijiti. Hazifungi."

"Leo umepaka?"

"Leo kidogo. Imebaki kidogo."

Enelesi aliuweka mwanzi ndani ya mfuko wa vielelezo, akaufunga. Kisha akaishika mikono ya mtoto, akaigeuza viganja juu, akaikagua kidole baada ya kidole chini ya mwanga wa dirisha. Hakuna mkato. Hakuna ufa. Ngozi nzima, laini, yenye masizi kidogo kwenye kucha. Hakuiachia upesi.

Sista alirudi na tabibu. Kitanda kikazungukwa, sindano ikaingia mkononi, chupa ya maji ikatundikwa. Sista alikwangua ile nta ya uongo ufa kwa ufa, akaiosha, akamwaga maji, akaosha tena. Nje Enelesi alipiga simu kituoni, maneno machache: mama yake Tionge afunguliwe, aletwe kwa gari, siyo kwa miguu.

Aliporudi, tabibu alikuwa bado ameinamia kifua cha Jailosi, masikio yamezibwa na vifaa vyake, macho ameyafumba.

"Vipi?" Laitoni akanong'ona.

"Haujapanda," tabibu akasema. Akasikiliza tena. "Lakini haushuki. Ulikuwa unashuka tangu jana."

Laitoni alikwenda akasimama ukutani, akaliweka paji la uso kwenye plasta.

Mtoto aliwaangalia wote. Aliiangalia miguu ya baba yake, iliyokuwa sasa imefunguka, myekundu ndani ya nyufa, yale yote aliyoyaziba yakiwa kwenye beseni.

"Nimefanya vibaya?" Alimwuliza Enelesi peke yake, kwa sauti ya chini.

Enelesi alikuwa amehoji wezi, wachawi wa kujitangaza, na mwenyekiti mmoja wa chama. Alitafuta jibu la kumpa, akaona kwamba huyu hataridhika na la uongo.

"Ile haikuwa dawa ya miguu," akasema. "Babu yako aliiweka kwa kazi nyingine. Ba'mdogo hakuitambua, na baba yako hakuitambua, nao ni watu wazima. Ilipofika mkononi mwako ilikuwa imeshakosewa mara mbili. Wewe ulipaka vizuri ulichopewa."

"Na sasa?"

"Sasa inatolewa. Sista amekwisha kutoa iliyo kali. Imebaki kuosha tu, leo na kesho na kesho kutwa, mpaka miguu isahau."

Tionge akafikiri juu ya hilo. Kitandani Jailosi aligeuza kichwa, midomo ikacheza, neno halikutoka. Sista Machemba aliingia na beseni jipya, maji yakitoa mvuke, akaliweka sakafuni. Alimwangalia mtoto, akamwangalia Enelesi, kisha bila kuambiwa akatoa jozi ya glavu, akazivisha mikono ile midogo, ncha za vidole zikabaki zikining'inia tupu.

Mtoto aliteremka kitandani, akapiga magoti kando ya beseni, akanyoosha mkono kwa Sista.

"Nipe kitambaa, nitamwosha mimi."